Kunyoosha lupango juu ya bulongo isiyonyooka

Katika kitabu hiki wengine wanaandika juu ya ndoa, juu ya kilio, juu ya majina tunayowapa watoto. Sisi tumeona vema kuandika juu ya lupango. Pengine msomaji atacheka: lupango ni desturi gani? Si miti na misumari tu, ao matete na kamba? Lakini mwenye kuishi huku Pweto anajua kama kesi nyingi zenye kufika mbele ya mkubwa wa kijiji zinatoka palepale. Ndugu wa tumbo moja wanaacha kusalimiana juu ya hatua mbili za bulongo. Swali letu basi ni hili: mtu mwenye kujua kunyoosha mstari, mwenye kamba na karatasi mkononi, ana haki ya kuunyoosha mpaka wapi, ikiwa bulongo yenyewe haikunyooka na jirani yake hajui kusoma ile karatasi?

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu Katanga lupango lina maana mbili. Ni uzio, na tena ni kile chote chenye uzio unazunguka: nyumba, kiwanja, choo, muembe. Mtu akisema "niko ku lupango", hasemi juu ya miti, anasema yuko kwake. Lakini hiyo ni lupango ya nyumba. Ku mashamba mambo yalikuwa mengine. Wazee tuliowauliza walitueleza kama zamani shamba halikuzungushiwa miti juu ya jirani. Lilizungushiwa juu ya nguruwe wa pori na mbuzi. Kati ya mtu na mtu, mpaka ulikuwa kijito, njia, muti mkubwa, ao kichuguu. Vitu hivyo vyote havinyooki. Na shamba lenyewe halikukaa pamoja: watu walikata miti, wakaunguza, wakalima miaka kadhaa, kisha wakaacha bulongo ipumzike na kwenda mbele. Mpaka wa kitu chenye kutembea hauwezi kuvutwa kwa kamba. Ulikaa mu vichwa vya watu, na ulilindwa kwa mdomo: babu yako aliishia pale, babu yangu alianzia hapa.

Tusiwapambe wazee kupita kipimo. Kichwa kinasahau, na kichwa cha mwenye nguvu kinakumbuka vizuri zaidi kile chenye kumfaa. Mjane, mgeni, mtoto yatima, hao walipoteza mashamba hata kabla ya kamba kufika. Tunasema hivi ili mtu asidhani kama tunataka kurudisha vichuguu mahali pa karatasi.

Basi tuseme lililotufikia sisi wenyewe.

Miaka kadhaa imepita. Shule yenye tulikuwa tunafundisha ilikuwa na karatasi ya konsesio. Mbuzi waliingia mu madarasa, watu walikata njia katikati ya kiwanja wakati wa mtihani, na mkubwa wa shule akaamua lupango ijengwe. Pesa ya kumuita mpimaji wa kadastri kutoka mbali haikuwako. Wakasema: walimu wapo, na mmoja ni wa hesabu, na mpo mliosoma ISP, mtashindwa nini? Tukaenda katika mwezi wa 7, majani yakiwa yamekwisha kuungua na kila kitu kinaonekana, walimu watatu pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tano.

Mu karatasi kila kitu kilikuwa kizuri. Mstatili, pembe nne sawasawa, upande mrefu metre 150. Karatasi haina mlima. Lakini pale chini, ukitoka ku barabara, bulongo inashuka kwenye bonde dogo lenye maji hupita wakati wa mvua, kisha inapanda, na juu kule kunasimama kichuguu kirefu kupita nyumba. Wenye kutoka sehemu nyingine hawajui vichuguu vya Katanga ya Juu ni nini. Vinaweza kupita metre 5, na ni vya zamani sana. Bulongo yake ni yenye mafuta: watu wanapanda maboga juu yake, ao mahindi, wengine wanachimba udongo wake kwa matofali. Kwa hiyo kichuguu si kizuizi tu cha kuzungukwa. Ni mali. Nyuma ya kichuguu hiki, na kando yake pia, lilikuwa shamba la mihogo la mama mmoja mjane. Lilizunguka ile kona ya shule pande mbili.

Borni ya barabara tuliipata. Borni ya nyuma haikuonekana. Wengine walisema maji iliibeba, wengine walisema mengine. Ikabidi tuitafute kwa kupima. Pembe tuliipata kwa kamba ya mafundo 12, ile ya tatu, nne na tano, kama tunavyofundisha mu darasa kila mwaka bila kuitumia hata siku moja. (Wanafunzi walifurahi sana kuona kama Pythagoras anafanya kazi Pweto.) Tukalenga miti, tukashuka bondeni, tukapanda, tukazunguka kichuguu kwa kusogeza mstari hatua sita kando na kuurudisha, na kamba ilipomaliza metre 150 tukapigilia mti. Yule mama alikuwa amesimama. Tukamwambia: "Mama, shule inaishia hapa." Akatazama ule mti, akatazama mihogo yake, akasema: "Aksanti, bawalimu. Hapa ni muzuri." Akaenda kuleta jiwe, akaliweka kando ya mti kwa mkono wake mwenyewe.

Usiku mwalimu wa hesabu hakulala. Asubuhi alikuja na kosa letu kwenye daftari. Sisi tulilaza kamba juu ya bulongo, kushuka na kupanda. Lakini karatasi haipimi hivyo, karatasi inapima kama ndege anavyoruka, bila bonde. Ikiwa bulongo inashuka metre 10 kwa kila metre 50 za kamba, basi zile 50 za kamba ni 49 tu za karatasi. Ukitaka kupima sawa unashika kamba hewani, imelala kama maji, na kuteremka kwa ngazi ngazi, ukiangusha jiwe ku mwisho wa kamba ili kuona linapogusa chini. Hilo hatukulifanya. Hesabu yake ilionyesha kama tumepungukiwa metre 3. Na nyuma ya konsesio upana ni metre 80. Mara 3, ni metre kareya 240: mahali pa madarasa matatu. Na zile 240 zilikuwa zimekwisha kupandwa mihogo.

Hapo ndipo tuligawanyika, na tunaomba msomaji asiharakishe kuchagua upande.

Mwenzetu wa hesabu alisema: bulongo hii si yetu. Kama ingekuwa yetu, tungemuachia mama hata metre 10, na Mungu angetubariki. Lakini ni ya watoto ambao hawajazaliwa. Mtu hawezi kuwa mwema kwa mali ya mwingine. Tena kosa ni kosa. Mwalimu akisahihisha vibaya mtihani, na akaona kesho yake, atauacha vile? Maneno haya ni mazito. Mpaka leo tunayaona mazito.

Mwingine akajibu kama tumekwisha kumpa mama neno. Yeye hakukosea hesabu, sisi ndio tulikosea. Kwa nini kosa letu lilipwe na mihogo yake? Na jiwe ameweka yeye mwenyewe. Huku kwetu jiwe la mpaka si kitu cha mchezo, na hata wenye kusoma Biblia wanajua kama Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inakataza kulisogeza.

Tulipokosa kupatana, tukaenda kumuona. Tulimweleza habari ya kamba hewani na kamba chini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Jana kamba ilisema hapa. Leo inasema pale. Kesho itasema wapi?" Mwalimu wa hesabu akaanza tena kueleza, kwa upole, juu alikuwa mtu mpole. Mama akamkata: "Baba mwalimu, nimesikia. Kama munataka ile metre tatu, mukamate, miye sina nguvu ya kuwakataza. Lakini musiseme ni kamba njo ilikamata. Museme ni ninyi."

Tulirudi bila kusema neno.

Tangu siku ile tumefikiri sana juu ya kauli hiyo, na tunaona ndani yake iko filozofia kupita ile tuliyoandika mu makaye yetu ya shule. Mstari wenye kunyooka una tabia moja: unamficha aliyeuvuta. Njia yenye kupinda inaonyesha watu: hapa walimkwepa mtu fulani, hapa waliheshimu muti, hapa walibishana wakasikilizana. Mstari wenye kunyooka hauonyeshi mtu. Unasema tu: ni mimi, ni hesabu, hakuna wa kulaumu. Na sisi walimu, polisi, watu wa ofisi, tunapenda kujificha nyuma yake. "Si mimi, mama, ni karatasi."

Rousseau, tuliyemsoma mu mwaka wa sita, aliandika mwaka 1755 juu ya yule mtu wa kwanza aliyezungushia bulongo uzio na kusema ni yake, na akaona pale chanzo cha mabaya mengi. Sisi hatuendi naye mpaka kule. Mwenye mbuzi za jirani mu mihogo yake hawezi kuchukia lupango. Anayetusaidia zaidi ni Aristotle. Katika kitabu cha tano cha maadili yake kwa Nicomachus anataja kipimo cha wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, kilichokuwa cha risasi, si cha chuma: kiliinama kufuata umbo la jiwe. Anasema haki ya kweli mara nyingine inahitaji kipimo cha namna hiyo, kwa sababu sheria inasema kwa watu wote na haiwezi kuona kila jiwe. Lakini hata Aristotle hajibu swali la mama. Kipimo kikiinama, nani amekiinamisha? Huyo naye aonekane.

Wasomaji wa Pweto hawahitaji mfano wa mbali. Sisi wenyewe tunakaa ku mwisho wa mstari mkubwa. Tarehe 12 mwezi wa 5 mwaka 1894, Waingereza na mfalme Leopold wa Pili walipatana juu ya mipaka. Toka Tanganika mpaka ziwa letu la Mweru waliandika mstari wenye kunyooka: toka rasi ya Akalunga mpaka mahali pale mto unatoka mu ziwa. Mahali pale ni hapa kwetu, pale Luvua inaanza. Ni zaidi ya kilometre 150 za milima, mabonde na misitu, na waliotia sahihi hawakupanda hata kichuguu kimoja kutazama. Upande wa kusini, kule mbele zaidi, mapatano yaleyale yalifuata migawanyiko ya maji kati ya Kongo na Zambezi, yaani yaliinama kama ile risasi ya Lesbos. Lakini hapa kwetu, rula. Wabwile wakajikuta huku na kule, Pweto na Chienge, ndugu wa ukoo mmoja, wengine wakijifunza Kifaransa na wengine Kiingereza.

Na je, ule mstari ulimaliza mabishano? Mwaka 1989 Zaire na Zambia zilitia sahihi mapatano mapya juu ya kipande hiki. Mwaka 2020 askari wa Zambia waliingia Kibanga na Kalubamba, kule teritware ya Moba, na ikabidi SADC iingilie. Miaka 126 baada ya rula! Mwanakijiji wa kule akitaka kuuliza kwa nini mpaka unapita hapa na si pale, atamuuliza nani? Wenye kuuvuta walikufa zamani, na hata walipokuwa wazima hakuna aliyejua nyumba yao.

Lakini tuseme pia na hili. Mwezi wa 12 mwaka 2000, vita ilipoingia Pweto, watu wengi walikimbilia upande wa Zambia na wakapokewa, wengine mpaka kambi za Kala na Mwange. Siku zile kutokuwa na lupango juu ya ule mstari kuliokoa maisha. Mstari wa karatasi bila miti, kumbe, mara nyingine ni neema.

Turudi ku shamba. Kuna jambo la sheria ambalo linaeleza kwa nini mama alisema "sina nguvu". Tangu amri ya tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1885, serikali ya Leopold ilijitwalia bulongo yote iliyoonekana tupu. Na shamba lenye kupumzika, kwa macho ya mgeni, ni bulongo tupu. Kisha sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 ikasema bulongo ni ya serikali, mtu anapewa konsesio tu. Juu ya bulongo ya wanakijiji ikaahidi ordonansi ya Rais, na ile ordonansi ikangojewa makumi ya miaka. Kwa hiyo shule ilikuwa na mstari, mama alikuwa na kichuguu. Mbele ya tribinali tunajua nani angeshinda. Ndiyo sababu swali halikuwa la tribinali, lilikuwa letu.

Tuliamua hivi: mti ubaki pale jiwe lilipo. Tuliita komite ya wazazi, tukawaeleza kosa letu bila kulificha, na metre 3 tukazitaja. Wengine walinung'unika, lakini walikubali. Mkubwa wa shule alikasirika, na hakuwa bila sababu, maana baadaye wakati wa kujenga vyoo vipya nafasi ilikuwa ndogo, na kila siku alitukumbusha. Hatuwezi kusema kama tulifanya vizuri kabisa. Tunaweza kusema kama tulijulikana: mtu akiuliza nani alipoteza zile metre 3, majina yetu yapo mu kitabu cha komite.

Ikabaki kichuguu. Hapa tulijifunza kitu kingine, na ni kitu cha mikono zaidi kuliko cha kichwa. Mti wa barabara na mti wa nyuma havionani, kichuguu kiko katikati. Ukisimama juu yake unaviona vyote viwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mwanafunzi mmoja akapanda na fimbo yake, akasema: "Mwalimu, niko kabisa katikati!" Tukapanda kuangalia: alikuwa ameingia mu shamba la mama hatua nne. Mtu mmoja juu ya kilima anaviona vichwa vyote viwili vya mstari na bado hajui kama yuko ndani yake. Hana cha kujilinganisha nacho.

Inatakiwa watu wawili. Wanasimama juu ya kichuguu, kila mmoja na fimbo, wakiachana hatua chache kufuata urefu wa mstari. Wa kwanza anatazama kupita mwenzake mpaka mti wa nyuma, anamwambia: "sogea kushoto, tena, simama". Kisha wa pili anatazama kupita wa kwanza mpaka mti wa barabara, na yeye sasa anamwambia: "wewe ndiye umepinda, sogea". Wa kwanza akisogea, wa pili amepotea tena kidogo, wanarudilia. Kila safari kosa linapungua, mpaka siku moja, tuseme dakika moja, kila mmoja anamtazama mwenzake na hana tena la kumwambia. Pale njo mstari umenyooka. Hakuna hata mmoja aliyejinyoosha mwenyewe, maana fimbo yako mwenyewe huwezi kuilenga. Iko mkononi mwako.

Tulipotaka kuweka wanafunzi wawili, mwenzetu wa hesabu, yuleyule, akasema hapana: mmoja wa shule, na mwingine atoke kwa mama. Mama akamtuma kijana wake wa mwisho. Alikuwa na miaka pengine 14, hakuwa akisoma mwaka ule. Mwanzoni aliona haya kumuambia mwanafunzi wa mwaka wa tano "sogea". Baada ya dakika kumi alikuwa akipiga kelele kama kapita wa mgodi. Walirudilia pengine mara saba. Walipomaliza, mstari ulipita juu ya kichuguu na kukikata vipande viwili visivyo sawa. Kikubwa kilikuwa cha mama, pamoja na maboga. Hakuna mtu wa shule aliyesema neno, juu wetu ndiye alikuwa amemsimamisha kijana pale, na kijana ndiye alimsimamisha wetu.

Karatasi ya konsesio inasema metre 150 vilevile. Kitabu cha komite kinasema 147, na chini yake kuna maelezo ya mistari mitano yenye sisi tuliandika.

Kijana yule alikuja kutuona mu mwezi wa 9, kabla ya mvua. Aliomba tumuazime kamba na fimbo mbili. Alitaka kunyoosha upande mwingine wa shamba la mama yake, ule wa kuelekea kijito. Tukamuuliza kama jirani wa kule anajua. Akasema atamuambia kesho. Tukamwambia basi, hata kamba atakuja kuikamata kesho, pamoja na yule jirani.